Uliza Tukujibu: Maua kwa Aliye Mbali

Barua za safari hii zimeshikana katika jambo moja: mpendwa yuko mbali, na maua hayapendi safari. Kabla ya kuzijibu tuseme hili, maana majibu yote yamesimama juu yake. Ua likishakatwa halijafa. Bado linapumua, linakunywa, na linatumia sukari iliyobaki kwenye shina lake. Joto likipanda, linapumua haraka zaidi na sukari inaisha upesi. Kwa hiyo usiulize ni kilomita ngapi. Uliza litakaa saa ngapi bila maji, na katika joto gani.

Mke wangu anasoma Dodoma, mimi niko Arusha. Siku yake ya kuzaliwa mwaka jana nilimtumia mawaridi mekundu 20 kwa basi la asubuhi. Yalifika yameinamisha vichwa, na mengine yana madoa ya kahawia kama yameungua. Nilinunua mazuri na nikayafunga vizuri kwa nailoni. Nilikosea wapi?
*Msomaji, Arusha*

Ndugu yetu, hiyo nailoni uliyoifunga vizuri ndiyo kosa la kwanza. Waridi hutoa mvuke muda wote. Ukilifunga kichwani kwa nailoni likiwa la baridi, kisha gari likapata joto, mvuke hugeuka matone juu ya petali. Kuna kuvu wa kijivu, Botrytis, ambaye mbegu zake ziko kwenye maua karibu yote, na anachongoja ni tone la maji likae saa chache. Hayo madoa ya kahawia ni yeye.

Vichwa kuinama ni jambo jingine. Shina la waridi lina mirija myembamba ya kupandisha maji. Likikaa hewani, hewa huingia kwa chini na kuziba mirija. Maji hayafiki shingoni, na shingo ndiyo sehemu laini kuliko zote. Ukilipatia waridi maji baadaye bila kukata upya, hayapandi. Wakati mwingine pia waridi limekatwa changa mno, shingo haijakomaa. Hilo halitanyooka hata ulifanyie nini.

Na mzigo ulikaa wapi ndani ya basi? Kwenye buti, jirani na injini, panaunguza. Tena njia za huko kwenu hazikosi ndizi. Ndizi mbivu, kama maembe na mapapai mabivu, hutoa gesi ya ethilini ambayo huyaambia maua kwamba wakati wa kuzeeka umefika. Mawaridi ya aina nyingine hupukutisha petali kwa gesi hiyo. Kanesheni ndizo huumia zaidi, hujikunja na zisifunguke tena.

Mwaka huu fanya hivi. Chukua maua jana yake, si asubuhi ya safari. Chagua tumba ambalo petali za nje zimeanza kuachana na rangi inaonekana yote. Libonyeze taratibu kwa chini, pale linapokutana na shina: likiwa gumu ni jipya, likibonyea limekaa dukani siku nyingi. Chukua mashina ya sentimita 40 au 50 na uache yale marefu ya 70 kwa harusi za mjini. Shina fupi lina njia fupi ya kupandisha maji na linaingia kwenye sanduku dogo.

Nyumbani toa majani ya theluthi ya chini. Kata ncha sentimita 2 hadi 3 kwa mshazari, kwa kisu kikali, kwa sababu mkasi butu hubana mirija ile ile unayotaka ifunguke. Yasimamishe kwenye ndoo safi yenye maji ya kina cha sentimita 10 hadi 15, mahali pa baridi, usiku kucha. Ukiwa na haraka, yasipungue saa nne. Jokofu la nyumbani linafaa kama halina matunda ndani na maua hayagusi ukuta wa nyuma ambako hugandisha.

Wakati wa kufunga, hakikisha vichwa ni vikavu kabisa. Vizungushie karatasi ya khaki au gazeti. Maji yawe chini tu: lowanisha pamba, ikamue isidondoke, ifunge kwenye ncha za mashina, kisha hapo ndipo uvalishe mfuko mdogo wa nailoni na raba. Sanduku liwe la kadibodi na litobolewe matundu mawili kila upande. Pitisha kamba kwenye kadibodi juu ya mashina uikaze, mzigo usiteleze. Dereva akifunga breki, vichwa ndivyo vinavyogonga ukuta. Acha nafasi ya sentimita 5 kati ya vichwa na ukingo. Ukitaka ubaridi, gandisha chupa ya nusu lita ya maji, izungushie gazeti mara tatu, uiweke upande wa mashina. Barafu ikigusa petali huiunguza sawasawa na moto.

Tumia basi la usiku kama lipo, kwa sababu ya baridi. Andika MAUA kwa herufi kubwa juu ya sanduku pamoja na namba mbili za simu, yako na ya mkeo. Zungumza na konda liwekwe juu ya viti na lisiingie kwenye buti; mwongezee kidogo ikibidi. Piga picha risiti na namba ya gari umtumie mkeo, naye awe stendi gari linapoingia. Maua mengi hayaharibikii njiani, yanaharibikia ofisini kwa mawakala yakingoja mwenyewe hadi jioni.

Safari ikizidi saa 12, tunakushauri uachane na mawaridi. Tuma krisanthemu. Hazina jina la mahaba, lakini huvumilia joto na kiu, na ndani ya maji safi hukaa hadi wiki mbili.

Niko Minneapolis, mama yuko Nakuru. Kila Siku ya Mama naagiza kupitia tovuti kubwa ya hapa Marekani. Nalipa dola 80, na mama ananitumia picha ya maua ambayo hayafanani kabisa na niliyochagua. Mwaka mmoja yalifika Jumatatu. Je, wananiibia?
*Binti wa Nakuru*

Si lazima iwe wizi, dada, ila ni lazima ujue pesa yako inapitia wapi. Biashara ya kutuma maua kwa oda ni ya zamani. Fleurop ilianzishwa Berlin mwaka 1908, na mwaka 1910 wauza maua wa Marekani wakaungana kupelekeana oda kwa simu ya maandishi. Huo ndio mwanzo wa FTD, mtandao wao wa kupelekeana oda za maua. Msingi haujabadilika: maua hayasafiri, inayosafiri ni oda. Muuzaji wa hapo ulipo anachukua pesa, na muuzaji wa kule anatengeneza shada kwa maua aliyonayo.

Ni utaratibu mzuri, lakini kila mkono unaoshika oda unabaki na kitu. Tuseme katika dola 80 zako tovuti imetoa ada ya huduma, ada ya kupeleka na fungu lake. Muuza maua wa Nakuru anaweza kubakiwa na dola 45. Naye atatengeneza shada la dola 45, si lile la pichani. Tena ile picha ilipigwa mahali pengine, kwa maua ambayo pengine Nakuru hayauzwi kabisa. Soma maandishi madogo chini ya picha. Mara nyingi yanasema muuzaji ana ruhusa ya kubadilisha aina na rangi.

Na wewe una bahati usiyoitumia. Naivasha, yaliko mashamba makubwa ya mawaridi ya Kenya, iko mwendo wa saa moja na kitu tu kutoka Nakuru. Mawaridi yanayosafiri usiku kwa ndege hadi mnada wa Aalsmeer, Uholanzi, mama yako yuko karibu nayo kuliko mnunuzi yeyote wa Ulaya. Hakuna sababu oda yako izunguke Marekani.

Tafuta kwenye ramani ya simu maduka ya maua yaliyoko Nakuru yenyewe, ufungue picha zilizowekwa na wateja na si zile za duka. Wapigie au uwaandikie WhatsApp. Omba picha ya maua waliyonayo leo ndani ya ndoo. Uliza nani anapeleka, na kama ni bodaboda, shada linabebwa ndani ya nini. Uliza wakikosa rangi uliyotaka wataweka nini, na uwaambie mapema kile usichotaka kabisa. Duka linalojibu hayo kwa picha na kwa bei kamili, usafiri ukiwa ndani, ndilo la kufanya nalo kazi. Linalojibu kwa picha za mtandaoni liache.

Malipo yapeleke kwa ndugu aliyeko Kenya, alipe kwenye namba ya Till, ile namba ya biashara ya M-Pesa. Jina la biashara litatokea kabla hajathibitisha, na lazima lifanane na la duka. Namba ya mtu binafsi, kwa duka usilolijua, hapana.

Sasa tarehe. Kenya na Marekani mnaadhimisha siku moja, Jumapili ya pili ya Mei. Uingereza ni Jumapili ya nne ya Kwaresima, kwa hiyo usifuate kalenda ya rafiki aliye London. Hata hivyo usiagize yafike Jumapili. Maduka mengi yamefungwa au yamezidiwa, na mama atakuwa kanisani. Shada litaachwa getini juani. Agiza yafike Jumamosi alasiri. Kumbuka pia kwamba mwezi Mei Nakuru iko mbele yenu kwa saa nane: Jumamosi saa nne usiku huko kwenu, Nakuru ni Jumapili saa kumi na mbili asubuhi. Oda ya dakika ya mwisho huwa imeshachelewa kabla hujaiandika.

Na hapa kuna mtego wa Kiswahili chetu. Ukisema "saa mbili" kwa sauti, watu watakuelewa. Ukiandika 2:00 kwenye fomu, mpeleka maua atakwenda saa nane mchana. Andika "8:00, yaani saa mbili asubuhi", namba na maneno pamoja.

Assalaam alaykum. Shangazi yetu yuko Muscat miaka mingi, na mjukuu wake amepata mtoto. Anakumbuka sana asumini na vikuba vya nyumbani, vile vishada vidogo vya kunukia. Ndugu yetu anasafiri wiki ijayo. Je, ampelekee?
*Msomaji, Unguja*

Waalaykum salaam. Asumini ndilo ua lisilokubali kabisa safari. Tumba lake huchumwa alasiri likiwa limefumba, hufunguka na kunukia magharibi, na kesho yake limeshageuka rangi. Ndege yenyewe ni saa tano hivi. Ongeza kungoja uwanjani, kupanga foleni na kufika nyumbani, shangazi atapokea kikuba kilichokwisha. Zaidi ya hayo, maua mabichi yanayovuka mpaka huhitaji cheti cha afya ya mimea kutoka nchi yanakotoka, na bila hicho afisa ana haki ya kuyatupa. Ndugu yenu abebe udi, marashi ya chupa na vile vikavu vya kunukia. Kikuba kibaki nyumbani.

Maua agizeni Muscat kwenyewe. Anwani za huko zina namba ya njia na namba ya nyumba. Ombeni zote mbili, mtaa peke yake hautoshi, na muongeze alama iliyo jirani kama msikiti. Toeni namba ya simu ya mtu wa nyumbani anayepokea simu ngeni, si ya shangazi ambaye pengine hazipokei. Mapumziko ya wiki ya Oman ni Ijumaa na Jumamosi, na Ijumaa mchana msitarajie kitu. Kuanzia Mei hadi Septemba agizeni yafike baada ya magharibi, maana katika joto la kupita nyuzi 40 nusu saa ndani ya gari lililoegeshwa inatosha kuyamaliza.

Muulizeni muuzaji kama ana asumini ya kwenye chungu. Chungu kimoja kidogo barazani kitampa shangazi matumba kila jioni ya msimu, naye atajisukia kikuba chake kwa mkono wake. Sisi tungefanya hivyo kuliko shada kubwa lolote. Mawaridi ya Jabal Akhdar, milima ya Oman, mnayosikia sifa zake huchumwa majira ya Aprili kwa ajili ya kutengeneza maji ya waridi, si ya kuweka kwenye chombo. Chupa ya maji hayo ni zawadi nzuri ya uzazi pia.

Baba mkwe wa rafiki yetu amefariki, mazishi ni Marangu Jumamosi. Sisi wa ofisini Dar tunataka shada lifike. Tulitume kwa basi au vipi?
*Msomaji, Dar es Salaam*

Poleni. Kwanza ulizeni familia kama wanapokea mashada. Wengine hutangaza kwamba rambirambi ipelekwe kwa njia nyingine. Wakikubali, msitume kutoka Dar. Shada hutengenezwa juu ya sponji ya kijani iliyoloweshwa, zito kwa maji, na kwenye basi maua huchomoka moja moja.

Agizeni Moshi mjini si chini ya siku mbili kabla. Shada la duara la sentimita 40 hadi 45 linatosha. Mwambieni fundi aiache sponji izame majini yenyewe. Ikisukumwa kwa mkono, katikati hubaki pakavu, na maua ya hapo husinyaa kwanza. Sponji iliyotumika na kukauka hainywi tena, kwa hiyo iwe mpya. Lipande mlimani kwa gari, likiwa limelazwa.

Maneno ya utepe yatumeni kwa maandishi, kamwe si kwa sauti, na yasizidi manane. Ombeni picha ya utepe kabla haujabandikwa. Jina la marehemu likikosewa herufi moja, mbele ya ukoo mzima, halifutiki. Kisha mpigieni mtu wa kamati ya mazishi, kwa sababu mashada huwekwa kwa kuitwa: familia, ukoo, jirani, kazini. Kama jina la ofisi yenu halimo kwenye orodha na hakuna aliyeteuliwa kuliweka kwa niaba yenu, shada litakaa pembeni hadi watu watawanyike.

Mkiwa na mtu huko, aongeze majani machache ya masale. Kwa Wachagga jani hilo ni la kuombana msamaha na la kuheshimu kaburi, nalo limejaa kwenye kihamba chochote, yaani shamba la nyumbani.

Naenda Hamburg kumwona dada. Naweza kubeba mawaridi ya Kenya kwenye begi la mkononi?
*Msomaji, Thika*

Bila cheti cha KEPHIS, shirika la Kenya la ukaguzi wa afya ya mimea, hapana. Tangu tarehe 14 Desemba 2019 abiria anayeingia Umoja wa Ulaya lazima awe na cheti cha afya ya mimea hata kwa ua moja. Yaliyoachwa nje ya sheria ni mananasi, ndizi, nazi, tende na duriani tu. Sababu mojawapo ni nondo wa Kiafrika ambaye kiwavi wake hujificha ndani ya tumba la waridi, nao Ulaya hawamtaki kwenye mashamba yao. Nunua ukifika. Mawaridi mengi yanayouzwa madukani Ujerumani yametoka Kenya, ulizia tu.

Kaka yangu aliye Doha aliniagizia maua. Nilikuwa kazini, mlinzi akayaweka kibandani hadi jioni. Yamelegea yote. Nimwambie yalifika vizuri, au yanaokoka?
*Msomaji, Morogoro*

Yanaokoka, kama ni saa na si siku. Toa karatasi zote. Jaza beseni maji ya uvuguvugu, zamisha ncha za mashina na ukate sentimita 3 zikiwa ndani ya maji, hewa isipate nafasi. Yazungushie gazeti kuanzia vichwani hadi katikati ya shina, yakae yamenyooka, kisha yasimamishe kwenye ndoo yenye maji hadi karibu na gazeti. Yaache gizani kwa muda wa saa mbili. Waridi lenye shingo iliyopinda sana lilaze zima ndani ya beseni kwa nusu saa au saa moja kabla ya kulisimamisha.

Baadaye tengeneza maji yake: lita 1 ya maji, kijiko cha chai 1 cha sukari, vijiko vya chai 2 vya maji ya limau, na kijiko cha chai 1 cha dawa ya kufulia nguo nyeupe, ile ya klorini isiyo na manukato. Sukari ni chakula, limau husaidia maji kupanda, na dawa huua vijidudu vinavyoziba mirija. Tia limau kwanza ndani ya maji ukoroge, dawa iwe ya mwisho. Usikutanishe limau na dawa zenyewe bila maji, hutoa hewa yenye sumu. Badilisha kila baada ya siku mbili na ukate ncha kidogo kila mara. Chombo kikae mbali na dirisha la jua na mbali na kapu la matunda.

Na kaka mwambie ukweli, ili safari ijayo aandike namba yako ya kazini na saa unayorudi nyumbani.